Bessie Coleman: Rubani aliyenunua ndege mtumba ya jeshi, spana ikakatisha ndoto yake

Asubuhi ya Aprili 30, 1926, ndege ya mabawa mawili iliruka kutoka Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Ndani walikuwa watu wawili. Muda mfupi baadaye wote wawili walikuwa wamekufa.

Mmoja wao ni Bessie Coleman, miaka 34, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani. Na chanzo cha ajali? Spana. Ndiyo, spana ya kawaida ya fundi, iliyosahaulika ndani ya ndege ikaenda kukwama kwenye mitambo ya kuiongozea.

Jina la Bessie linajulikana. Kisichosimuliwa sana ni habari ya ndege yenyewe. Ilikuwa mtumba: ndege ya jeshi iliyotengenezwa kwa ajili ya kufundishia marubani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikauzwa bei ya kutupa vita vilipoisha. Ndege ya aina hiyo ndiyo iliyompa riziki na jina. Ndiyo hiyo hiyo iliyomuua.

Binti wa shamba la pamba

Bessie alizaliwa Januari 26, 1892, mji wa Atlanta, Texas (siyo ule mkubwa wa Georgia), akakulia Waxahachie. Familia ilikuwa na watoto 13, yeye akiwa wa kumi. Wazazi walilima mashamba ya watu na kugawana mavuno na mwenye shamba, maisha ambayo hata ufanye kazi vipi, deni haliishi.

Baba yake, aliyekuwa na damu ya Wahindi Wekundu, aliondoka mwaka 1901 kwenda Oklahoma kutafuta maisha yenye ubaguzi kidogo. Mama akabaki na watoto. Bessie akawa anachuma pamba, anafua nguo za watu na kwenda shule pale msimu wa mavuno unapomruhusu. Mwaka 1910 alijiunga na chuo cha watu weusi huko Langston, Oklahoma. Pesa iliisha baada ya muhula mmoja tu, akarudi nyumbani kufua.

Mwaka 1915 alihamia Chicago, walikokuwa kaka zake. Akajifunza kutengeneza kucha, akapata kazi kwenye kinyozi cha wanaume. Kaka yake John alikuwa amepigana vita Ufaransa, na alizoea kumtania kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, yeye hawezi.

Utani huo ulimwingia. Bessie akaamua atakuwa rubani.

Marekani yamfungia mlango

Kuamua ni rahisi. Shida ilikuwa nani atamfundisha. Shule za urubani za Marekani zilimkataa: mweusi, halafu mwanamke.

Robert Abbott, mmiliki wa gazeti la Chicago Defender lililosomwa sana na watu weusi, alimshauri aende Ufaransa. Bessie akajifunza Kifaransa jioni baada ya kazi, akaweka akiba, akapata na wafadhili. Novemba 1920 akapanda meli.

Alijiunga na shule ya ndugu wa Caudron huko Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa. Walitumia ndege za Nieuport, za mabawa mawili, fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa. Mwanafunzi anakaa kiti kimoja, mwalimu kingine, na kila mmoja ana vifaa vyake vya kuongozea. Redio hakuna, injini inanguruma, hivyo unajifunza kwa kuangalia fimbo ya mwalimu inavyocheza.

Somo jingine lilikuwa chini, kabla ya kuruka. Kila mara ilibidi Bessie aikague ndege nzima: mabawa, nyaya, viungo, injini. Ndege hizo zilijulikana kwa kuharibika zikiwa angani. Alimshuhudia mwanafunzi mwenzake akifa ajalini, na bado aliendelea.

Juni 15, 1921 alipata leseni ya shirikisho la kimataifa la urubani, FAI, iliyotambulika nchi nyingi. Mwaka uliofuata alirudi tena Ulaya kunoa ujuzi wa michezo ya angani: kujizungusha, kujipindua, kushuka kama jiwe halafu kuinuka ghafla. Sababu ni kwamba kwao hakuna ambaye angemwajiri kama rubani. Kazi pekee iliyokuwepo ilikuwa kurusha ndege mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio.

Jenny ni ndege gani hiyo?

Septemba 3, 1922 alifanya onyesho lake la kwanza Marekani, karibu na New York. Watu walishangilia, ila ndege haikuwa yake. Ni ya kuazima.

Na hapo ndipo penye kiini cha maisha yake yote. Rubani asiye na ndege anategemea huruma ya mwenye ndege. Kwa mwanamke mweusi wa miaka hiyo, huruma ilikuwa adimu. Ilibidi awe na yake.

Aliyoweza kuimudu ilikuwa Curtiss JN-4, maarufu kama Jenny. Jeshi la Marekani liliitumia kufundishia marubani mwaka 1917 na 1918, na zilitengenezwa zaidi ya 6,000. Vita vikaisha, serikali ikabaki na rundo la ndege isizozihitaji. Zikauzwa kwa dola mia chache. Raia wakazigombea.

Kuijua Jenny ni rahisi ukiwahi kuwa na gari la mtumba. Kununua siyo kazi, kazi ni kuitunza. Injini yake ya OX-5 ilikuwa na nguvu farasi 90 tu, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 120 kwa saa. Vyuma vinavyofungua na kufunga vali vilikuwa nje, wazi, vikihitaji kupakwa grisi kwa mkono mara kwa mara. Kila silinda ilikuwa na plagi moja, hivyo mfumo wa moto ukigoma, huna wa akiba. Nyaya za mabawa zilegee, uzikaze. Kitambaa kichanike, ukishone na kukipaka upya.

Kwa kifupi, mwenye Jenny alitembea na sanduku la spana popote alipokwenda.

Mwaka 1923 vijana wengi wa kizungu walinunua ndege hizi, akiwemo Charles Lindbergh, aliyelipa dola 500 kwa ya kwake. Mwaka uliofuata Lindbergh alikubaliwa kwenye mafunzo ya urubani ya jeshi, na mwaka 1927 akavuka Atlantiki peke yake. Bessie naye alinunua Jenny mwaka huo huo wa 1923. Ila jeshi halikuwa na nafasi kwa rubani mweusi, sembuse mwanamke. Kwake hakukuwa na ngazi ya pili.

Ndege ya kwanza haikudumu

Jenny yake ya kwanza aliinunua California. Februari 1923 akaondoka nayo Santa Monica kwenda kwenye onyesho Los Angeles, maelfu ya watu wakimsubiri. Muda mfupi baada ya kupaa, akiwa mita kama 90 juu, injini ilizima. Ndege ikaanguka kichwa chini.

Alivunjika mguu na mbavu. Ndege iliharibika vibaya. Akiwa bado kitandani hospitali alituma ujumbe kwa mashabiki: akipona tu, ataruka tena.

Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kurudi vizuri. Juni 19, 1925 alirusha ndege Houston, siku ambayo watu weusi wa Texas husherehekea kukombolewa utumwani. Baada ya maonyesho yake ya Texas aliwapandisha abiria weusi, wengi wao wakiuona mji kutoka juu kwa mara ya kwanza.

Waxahachie, mji aliokulia, waandaaji walitaka mageti mawili: wazungu kwao, weusi kwao. Bessie akagoma. Akasema bila geti moja haruki, wakakubali. Ndani watu walikaa kwa kutengwa vilevile, ila waliingia mlango mmoja.

Kabla ya hapo aliwahi kuacha filamu iliyokuwa ianze kurekodiwa baada ya kuambiwa aingie na nguo zilizochakaa kama mweusi fukara asiyejua kitu. Pesa aliihitaji, lakini siyo kwa njia hiyo.

Maana pesa ilikuwa na kazi maalum. Bessie alitaka kufungua shule ya urubani kwa ajili ya watu weusi, ili wengine wasilazimike kuvuka bahari kama yeye. Alihutubia makanisani, shuleni na kwenye kumbi za sinema. Huko Orlando, Florida, akafungua hata saluni ili kuongeza mtaji.

Ndege ya pili, na safari ya tabu

Taratibu alikuwa analipia Jenny nyingine huko Dallas, Texas. Tajiri mmoja aliyekutana naye Florida akamsaidia kumalizia deni. Aprili 1926 ndege ikawa tayari kuletwa Jacksonville, ambako Mei 1 alitakiwa kufanya onyesho.

Aliyeileta ni William Wills, fundi na rubani wa kizungu, miaka 24. Njiani alilazimika kutua mara tatu kwa sababu ya hitilafu za injini. Kila akitua, anatengeneza, anaendelea. Ndege ilikuwa imechoka, kila aliyeiona alijua.

Unaweza kujiuliza kwa nini Bessie hakusubiri apate nzuri. Jibu ni kwamba nzuri ilihitaji pesa, pesa ilitoka kwenye maonyesho, na maonyesho yalihitaji ndege.

Asubuhi ya mwisho

Aprili 30, siku moja kabla ya onyesho, wawili hao walipaa kukagua eneo. Wills alikaa mbele akiongoza. Bessie alikaa nyuma, bila kufunga mkanda. Kesho yake alipanga kuruka kwa mwavuli, na kwa kuwa alikuwa mfupi, ilibidi ajiinue na kuchungulia nje aone pa kutua.

Wakiwa mita kama 1,000 hewani, ndege ilianza kwenda kasi, ikainamisha pua na kushuka ikizunguka. Kisha ikajipindua. Bessie alirushwa nje akafia alipoangukia. Wills alibaki kwenye usukani, akafa ndege ilipojibamiza chini. Mtu mmoja kati ya waliokimbilia pale aliwasha sigara, mabaki yakashika moto.

Kwenye mabaki hayo ndipo ilipopatikana spana, iliyotumika kutengenezea injini, ikiwa imekwama kwenye mitambo ya kuongozea.

Magazeti mengi ya wazungu yalimwandika zaidi Wills. Ya watu weusi yalimlilia Bessie. Maelfu walijitokeza kumuaga, na ibada ya Chicago iliongozwa na Ida B. Wells, mwanaharakati maarufu aliyepinga mauaji ya watu weusi.

Siku 20 baadaye

Wakati Bessie anaruka, serikali kuu ya Marekani haikuwa na sheria ya kumlazimisha mwenye ndege aikaguze, wala rubani awe na leseni. Ukiwa na pesa ya Jenny, unanunua na kupaa. Mei 20, 1926, siku 20 tu baada ya ajali, Rais Calvin Coolidge alisaini sheria ya kwanza ya kusimamia usafiri wa anga wa kiraia. Haikutungwa kwa sababu ya Bessie, ilikuwa tayari njiani. Lakini ndiyo iliyoleta ukaguzi wa ndege na leseni za marubani, na Jenny nyingi zilizochoka zikashindwa kuvuka kipimo.

Jenny chache bado zinapaa hadi leo, zikitunzwa na makumbusho na wapenzi wa ndege za zamani. Kwenye karakana za ndege za siku hizi kuna utaratibu wa kuhesabu vifaa: kila spana ina nafasi yake kwenye sanduku. Ikikosekana moja, ndege haitoki mpaka ipatikane.

Shule ilifunguliwa na wengine

Bessie hakuiona shule yake. Ila mwaka 1929 William J. Powell, rubani mweusi aliyeguswa na historia yake, alianzisha klabu ya urubani mjini Los Angeles na kuipa jina la Bessie Coleman. Ikawafundisha watu weusi, wanaume na wanawake, kurusha ndege na kuzitengeneza.

Jeshi la Marekani lilikuja kuanza kuwafundisha marubani weusi mwaka 1941, huko Tuskegee, Alabama. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kwenda anga za mbali, alibeba picha ya Bessie. Mwaka 2023 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya senti 25.

Na kuanzia mwaka 1931, marubani weusi wa Chicago walikuwa wakipita juu ya makaburi ya Lincoln alikozikwa, wakishuka chini kidogo na kudondosha maua.