Lucy Wills: Daktari aliyegundua siri ya vidonge vya kuongeza damu

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu. Ndani ya kidonge kimoja mara nyingi huwa na vitu viwili: madini ya chuma, na foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Wapo kina mama wanaomeza kila siku kama walivyoelekezwa. Wapo wanaoviacha kabatini kwa sababu vinawatia kichefuchefu. Na wapo wanaowagawia watoto na wazee wa nyumbani, wakiamini kwamba kitu kinachoongeza damu hakiwezi kumdhuru mtu.

Nusu ya kidonge hicho, yaani ile foliki, ina historia inayoanzia kwa mwanamke mmoja wa Kiingereza aitwaye Lucy Wills. Kazi yake inaeleza kwa nini kidonge hicho huokoa maisha, na pia kwa nini hakifai kumezwa na kila mtu, wakati wowote, kwa kiasi chochote.

Binti wa familia ya watengeneza miundu

Lucy alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 huko Sutton Coldfield, karibu na jiji la Birmingham. Familia yake ilijiweza. Ilikuwa na kiwanda cha zana za kukatia, hasa miundu ya kuvunia. Alisoma elimu ya mimea na miamba katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akamaliza mwaka 1911. Wakati huo chuo kiliwaruhusu wanawake kufanya mitihani lakini hakikuwapa shahada. Kilipoanza kuwapa, mwaka 1948, Lucy alikuwa na umri wa miaka 60.

Baba yake alifariki mwaka huohuo aliomaliza masomo, na miaka miwili baadaye akafiwa na dada yake. Alisafiri na mama yake hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akaenda Afrika Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 ilimkuta huko, akajitolea kuwahudumia wagonjwa mjini Cape Town. Aliporudi nyumbani alijiunga na chuo cha udaktari cha wanawake jijini London, akafuzu mwaka 1920 akiwa na miaka 32.

Hakwenda kutibu wagonjwa wodini kama wengi wa wenzake. Alichagua maabara ya Hospitali ya Royal Free, akawa anafanya utafiti kuhusu wajawazito. Chaguo hilo ndilo lililompeleka India.

Bombay, 1928

Katika jiji la Bombay, ambalo siku hizi huitwa Mumbai, wajawazito wengi maskini walikuwa wakidhoofika. Walipauka, walikosa pumzi, walivimba miguu, na wengine walikufa kabla au baada ya kujifungua. Margaret Balfour, daktari aliyefanya kazi India kwa miaka mingi, alipendekeza Lucy aende kuchunguza.

Alichokiona kwenye hadubini kilikuwa cha ajabu kidogo. Mtu anapokosa madini ya chuma, chembe nyekundu za damu yake huwa ndogo na zilizofifia. Za wanawake hawa zilikuwa chache, lakini kubwa kupita kawaida na hazijakomaa. Kwa hiyo chuma peke yake kisingewaponya.

Hapa naomba msikilizaji tuelewane vizuri. Tunaposema upungufu wa damu, tumetaja dalili tu, bado hatujataja ugonjwa. Mtu anaweza kupungukiwa damu kwa kukosa chuma, kwa kukosa foliki, kwa kukosa vitamini B12, kwa minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, kwa malaria, au kwa selimundu. Wote hawa watapauka na kuchoka vilevile, ila dawa zao ni tofauti. Ndiyo sababu kipimo cha damu ni muhimu kuliko ushauri wa jirani aliyepona kwa vidonge fulani.

Lucy aliingia kwenye suala la chakula. Alilinganisha milo ya wanawake wa matabaka mbalimbali ya jiji, akaona kwamba waliougua zaidi ndio waliokula vibaya zaidi. Wengi wao walikuwa wanawake maskini wa Kiislamu. Aliwalisha panya chakula kilichofanana na cha wanawake hao. Panya wenye mimba wakapungukiwa damu na kufa kabla ya kuzaa. Alipowaongezea hamira kwenye chakula, hawakuugua. Lakini ikagundulika kwamba panya hao walikuwa na chawa, na huenda maambukizi ya chawa yalichafua matokeo. Akarudia kazi kwa kutumia kima.

Mwishowe akafika kwenye kitu kilichoshangaza wengi kwa urahisi wake. Uingereza kuna kitu cha kupaka kwenye mkate kiitwacho Marmite, cheusi, kizito, chenye chumvi, kinachotengenezwa kutokana na hamira inayobaki baada ya kupika bia. Ni chakula cha bei nafuu. Lucy aliwapa wajawazito wagonjwa, na ndani ya siku chache damu yao ikaanza kutengeneza chembe mpya. Aliyatangaza matokeo hayo mwaka 1931.

Hakujua ni kitu gani hasa ndani ya hamira kilichofanya kazi hiyo. Madaktari wakakiita kwa jina lake tu, kigezo cha Wills. Mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani walichambua tani 4 za spinachi na kupata kiasi kidogo mno cha kitu hicho. Wakakipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Hiyo ndiyo foliki.

Jani ni jina linalostahili. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde vina foliki, na pia maharage, dengu, karanga, parachichi, machungwa na maini. Ila foliki haivumilii moto mrefu, na huyeyuka kwenye maji. Mboga iliyochemshwa saa nzima kisha maji yake yakamwagwa imebaki na foliki kidogo.

Damu inapona, mishipa inaharibika

Lucy alirudi Bombay kwa wiki chache mwishoni mwa mwaka 1937, safari hii akipanda ndege ya majini hadi Karachi. Alitaka kujibu swali lililomsumbua. Ulikuwapo ugonjwa mwingine wa damu, unaofanana sana na ule wa wanawake wa Bombay, ambao madaktari waliutibu kwa dawa iliyochujwa kutoka kwenye maini. Lucy aliona kwamba dawa hiyo ilipochujwa sana haikuwasaidia wagonjwa wake, ilhali maini yasiyochujwa sana yaliwasaidia. Maana yake ni kwamba ndani ya maini kulikuwa na vitu viwili tofauti, kila kimoja na ugonjwa wake. Cha pili kilipatikana mwaka 1948, nacho ni vitamini B12.

Kabla ya hapo makosa yalifanyika. Foliki ilipoanza kutengenezwa viwandani miaka ya 1940, madaktari waliwapa pia wale wagonjwa wa ugonjwa mwingine, yaani waliokosa B12. Damu yao ikarudi vizuri, wakafurahi. Lakini mishipa ya fahamu iliendelea kuharibika. Wagonjwa wakapata ganzi miguuni, wakapepesuka wakitembea, na wengine wakashindwa kabisa kusimama. Foliki ilikuwa imeficha dalili ya kwanza, damu, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Jambo hili bado lipo nasi. B12 hupatikana kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Mzee ambaye tumbo lake halifyonzi tena vitamini hiyo, au mtu anayeishi kwa ugali na mboga pekee miaka mingi, anaweza kuikosa. Akiwa na ganzi au moto kwenye nyayo, kisha akawa anajinunulia foliki dukani mwezi baada ya mwezi, anajificha mwenyewe. Aende kwanza kupimwa.

Somo kutoka Pemba

Lucy hakuwahi kuona tukio linalofuata, kwa kuwa lilitokea miaka mingi baada ya kifo chake, lakini linahusu kidonge chake na linatuhusu sisi. Kisiwani Pemba watafiti waliwapa watoto wadogo, wa kati ya mwezi 1 na miezi 35, vidonge vya chuma na foliki kila siku, bila kupima kwanza nani amepungukiwa na nani hajapungukiwa. Watoto zaidi ya 24,000 walihusika. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi sana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya muda wake.

Lakini watoto ambao kweli walikuwa wamepungukiwa chuma na damu, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walinufaika. Kwa hiyo palipo na malaria mtoto hupewa chuma pamoja na kinga na tiba ya malaria, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kumpa mtoto vidonge vya mama yake si jambo la kufanya kabisa. Hata kuvihifadhi ni kwa uangalifu: vidonge vingi vya chuma vikimezwa kwa mkupuo na mtoto aliyedhani ni pipi vinaweza kumuua. Vikae juu, mahali pasipofikiwa, ndani ya kopo lenye mfuniko.

Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linashauri chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki miligramu 0.4 kila siku. Vimezwe mbali na chai, kahawa na maziwa, kwa sababu hivyo huzuia chuma kufyonzwa. Subiri walau saa moja. Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya kula au wakati wa kulala. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho.

Kuna suala la SP, dawa ya kuzuia malaria ambayo wajawazito hupewa kliniki. SP humuua kijidudu cha malaria kwa kumzuia kutengeneza foliki yake. Ukimeza foliki nyingi, ile ya miligramu 5 inayouzwa sana madukani, unaweza kudhoofisha SP. Ile ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo. Soma namba kwenye pakiti, au mwonyeshe nesi. Lakini kama daktari ndiye aliyekuandikia miligramu 5, usiache bila kumuuliza. Wenye selimundu, kwa mfano, huhitaji foliki kwa kuwa chembe zao huvunjika haraka. Chuma ni habari nyingine kwao: aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari anacho kingi mno mwilini.

Na vile vikopo vya multivitamini vinavyonadiwa kwenye mabasi na minadani? Vingi vina chuma, foliki na vitamini A ndani yake. Ukiongeza juu ya vile vya kliniki unameza dozi mara mbili bila kujua, na vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Beba kopo lenyewe uende nalo kliniki.

Miaka ya mwisho

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Lucy alibaki Royal Free. Julai 1944 bomu liliipiga hospitali hiyo na kuua watu. Aliongoza maabara hadi alipostaafu mwaka 1947, kisha akaendelea kusafiri, akifika Jamaika, Fiji na Afrika Kusini kuchunguza lishe na damu. Hakuolewa. Alipenda kuendesha baiskeli, na katika miaka yake kumi ya mwisho alikuwa diwani wa Chelsea, London, kupitia chama cha Labour. Alifariki tarehe 16 Aprili 1964.

Mwaka 1991 utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa ulionyesha jambo ambalo Lucy hakulijua: foliki inayotumiwa kabla ya kushika mimba hupunguza sana idadi ya watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Kwa hiyo anayepanga kupata mtoto aulize kituoni kuhusu foliki mapema, na aliyewahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi aseme hivyo, maana yeye huandikiwa kiasi kikubwa zaidi.