Askofu Wilson Katika Gereza la Changi

Kila tusalipo Sala ya Bwana twaomba kusamehewa, nasi twaahidi kusamehe. Kinywa hutamka upesi, lakini moyo huchelewa. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbusha habari za Askofu John Leonard Wilson.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akawekwa kuwa Askofu wa Singapore mwaka 1941. Februari 1942 Wajapani waliuteka mji. Ofisa mmoja wa Kijapani, Mwanglikana, alimsaidia akaendelea na kazi yake hadi Machi 1943. Ndipo alipotiwa katika gereza la Changi pamoja na raia karibu 3,000, nalo lilijengwa kwa watu 600 hivi.

Septemba 1943 makomando waliotoka Australia walitega mabomu bandarini kwa siri, na meli 7 zikazama au kuharibika. Wajapani walidhani siri ilitoka Changi. Tarehe 10 Oktoba polisi wa jeshi wakaanza kukamata watu. Walishikwa 57, wakafa 15. Baba Askofu alichukuliwa siku 7 baadaye, akapigwa kwa zamu siku kadhaa. Katika vyumba vile taa ziliwaka usiku kucha, na maji ya kunywa yalikuwa yale ya chooni. Kwa maji hayo hayo alimbatiza Mchina mmoja, mfungwa mwenzake.

Walipomwuliza mbona Mungu wake hamwokoi, alijibu kwamba anamwokoa, si kwa kumwondolea maumivu bali kwa kumpa nguvu za kuyastahimili. Aliomba asiwachukie, lakini nyuso zao zilikuwa kali mno. Basi akawawaza walivyokuwa watoto wadogo, wakicheza na ndugu zao, wakipendwa na wazazi wao. Akaona kuwa mtoto mdogo hachukiki.

Baada ya miezi 8 hivi alirudishwa Changi, na vita vikaisha mwaka 1945. Baadaye mmoja wa wale waliomtesa, sasa yeye ndiye mfungwa, aliamini. Na Askofu akamwekea mikono, akampa kipaimara. Tangu 1953 hadi 1969 alikuwa Askofu wa Birmingham. Alifariki mwaka 1970.

Sisi tuliofundisha watoto miaka mingi twajua kwamba kila mtu mzima mkorofi aliwahi kukaa dawatini akijifunza kuandika jina lake. Je, yuko jirani tusiyemwamkia kwa ajili ya mpaka wa shamba au deni? Kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana Jumapili ijayo, na tumwaze alivyokuwa mtoto, kisha twende tukampe mkono.