Linnaeus, Aliyeipa Miti Majina

Carl Linnaeus alizaliwa Uswidi mwaka 1707, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Wazazi walitaka naye awe mchungaji, lakini moyo wake ulipenda mimea, hata akawa profesa huko Uppsala. Mwaka 1753 aliipa mimea majina ya maneno mawili mawili, akaipanga kwa kuhesabu nyuzi za kiume zilizomo mauani. Hivyo mkorosho na mwembe, tuionayo sana Masasi na Newala, ikatengwa mbalimbali. Mwenyewe alijua kwamba njia hiyo ni ya kusaidia tu. Alikufa mwaka 1778. Waliomfuata walichunguza undugu wa miti, wakaiweka hiyo miwili katika jamaa moja. Basi, miti haikugeuka. Maarifa ndiyo yaliyokua. Lakini majina aliyoipa twayatumia hata leo.