Muyaka na Vichochoro vya Mvita

Apitaye Mji wa Kale, Mombasa, aghalabu huikodolea macho Ngome ya Yesu, akasahau kuwa vichochoro vile ndivyo vilivyomlea Muyaka bin Haji (yapata 1776–1840). Yeye aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni na barazani. Alitunga juu ya mapenzi, visa vya mtaani na, kwa ukali zaidi, siasa, akiwatetea Mazrui dhidi ya Seyyid Said. Ulimi haukutosha: mwaka 1837 Mvita ilianguka, viongozi wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Tungo zake zilibaki vinywani mwa wazee, nao walikuwa wakipukutika. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya pamoja na mmishonari W. E. Taylor, zingalipotea. William Hichens alizichapisha mwaka 1940.