Hugo Gernsback na Sauti ya Msomaji katika Bunilizi za Kisayansi

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi aghalabu huandikwa kwa kuwafuata watunzi na kazi zao. Msomaji hutajwa mwishoni, tena kwa ufupi, kana kwamba kazi yake ni kupokea tu. Hata hivyo, ziko tanzu ambazo haziwezi kuelezwa vilivyo bila kumpa msomaji nafasi ya mbele. Mojawapo ni bunilizi za kisayansi, yaani hadithi na riwaya zinazosimulia safari za anga, mashine zisizokuwapo bado, viumbe wa sayari nyingine na maisha ya karne zijazo. Katika utanzu huo, pamoja na jirani yake fantasia, wasomaji walianza mapema kushindanisha maoni yao hadharani, na maoni hayo yakaathiri mwelekeo wa utanzu wenyewe.

Makala haya yanaeleza maisha ya Hugo Gernsback (1884–1967), mhariri na mchapishaji aliyeliwezesha jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake. Hoja inayotetewa ni kwamba mchango wake mkubwa haukuwa hadithi alizotunga wala mitambo aliyoibuni, bali ukurasa aliowapa wasomaji wake. Aidha, inaonyeshwa kwamba wasomaji waliokwisha kupewa sauti hawakusita kuitumia dhidi yake yeye mwenyewe.

2.0 Malezi na Uhamiaji

Gernsback alizaliwa tarehe 16 Agosti 1884 nchini Luxembourg, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani. Jina la ukoo lilikuwa Gernsbacher, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Alisoma masuala ya ufundi na umeme nchini mwake na baadaye katika chuo cha ufundi mjini Bingen, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alikisoma kitabu cha mwanaastronomia Percival Lowell kuhusu sayari ya Mars, na wazo la kuwapo kwa viumbe wenye akili nje ya dunia likamshika lisimwachie tena.

Mwaka 1904, akiwa hajatimiza miaka 20, alihamia Marekani akiwa amebeba betri ya aina mpya aliyoibuni mwenyewe. Betri hiyo haikumletea utajiri aliouota. Badala yake alianzisha biashara ya kuagiza vifaa vya umeme kutoka Ulaya, na kufikia mwaka 1905 kampuni yake ilikuwa ikiuza mtambo mdogo wa simu ya upepo uliokusudiwa kutumiwa nyumbani na watu wasio mafundi. Wanunuzi walikuwa hasa vijana waliopenda kufungua vitu na kuviunga upya.

Uzoefu huo wa biashara unaeleza mengi yaliyofuata. Mteja wa Gernsback hakuwa mtu wa kununua kitu na kukiweka rafuni. Alinunua vipande, akaviunga, vikamshinda, akaandika barua kuuliza. Mwaka 1908 Gernsback alianzisha jarida la Modern Electrics ili kuwahudumia watu wa aina hiyo, na mwaka 1909 akaunda chama cha wapenzi wa simu ya upepo. Wanachama wake walikuwa wakitafutana hewani kwa mitambo yao, bila ya kumpitia mtu yeyote. Mfumo wa wasomaji kuwasiliana wao kwa wao, ambao baadaye uliibuka katika fasihi, ulikuwa umekwisha kufanyiwa majaribio katika redio.

3.0 Kutoka Redio hadi Hadithi

Kuanzia Aprili 1911 Gernsback alichapisha katika Modern Electrics hadithi yake mwenyewe, Ralph 124C 41+, iliyotoka kwa sehemu 12. Hadithi hiyo inamhusu mvumbuzi wa mwaka 2660. Wahakiki walio wengi wanakubaliana kwamba kisanaa ni kazi dhaifu: wahusika wake ni bapa, na msuko wake ni kamba tu ya kutundikia orodha ya mitambo. Hata hivyo, mitambo hiyo ndiyo iliyowavuta wasomaji, na miongoni mwake kuna kifaa kinachofanana sana na rada, miaka mingi kabla rada haijatumika.

Hadithi za namna hiyo ziliendelea kutokea katika majarida yake yaliyofuata, yakiwamo Electrical Experimenter na Science and Invention. Gernsback aliziona kuwa chombo cha kufundishia: msomaji anayekwepa kitabu cha fizikia angeimeza fizikia hiyo hiyo ikiwa imefichwa ndani ya hadithi. Nadharia hii ya fasihi kama dawa iliyotiwa asali ndiyo aliyoishikilia maisha yake yote, na ndiyo ambayo wasomaji wake waliijadili na kuikosoa mara kwa mara.

4.0 Suala la Istilahi

Utanzu ulihitaji jina. Gernsback aliunda neno scientifiction kwa njia ambayo wanaisimu wa Kiswahili huiita uhulutishaji, yaani kuchukua vipande vya maneno mawili na kuviunga kuwa neno moja, kama vile chajio lilivyotokana na chakula cha jioni. Kimofolojia neno lake halikuwa na kasoro kubwa. Maneno hayo mawili, la sayansi na la bunilizi, yalishirikiana silabi ya katikati, na maana ilionekana.

Kasoro ilikuwa katika matamshi na katika mapokezi. Mwaka 1924 Gernsback aliwapelekea watu wapatao 25,000 waraka wa kuwapima iwapo wangenunua jarida lenye jina hilo. Majibu yalikuwa baridi kiasi cha kumfanya auweke kando mpango wake kwa miaka miwili. Alipoufufua, hakumuuliza mtu: jarida liliingia sokoni bila kutangazwa, toleo la Aprili 1926, kwa jina jepesi la Amazing Stories. Mwaka 1929, alipoanzisha majarida mapya, Gernsback mwenyewe alikumbatia jina lililogawanyika katika maneno mawili, science fiction, na ndilo lililodumu. Mkasa huu ni ushahidi wa kanuni inayofahamika kwa kila anayeshughulika na ukuzaji wa istilahi: muundaji hupendekeza, lakini mtumiaji ndiye anayeidhinisha.

5.0 Safu ya Barua na Kuzaliwa kwa Uhakiki wa Wasomaji

Amazing Stories lilikuwa jarida la kwanza la Kiingereza kutolewa kwa ajili ya bunilizi za kisayansi pekee. Toleo la kwanza halikuwa na hadithi mpya hata moja. Lilichapa upya kazi za watunzi kama Jules Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe. Jalada lilichorwa na Frank R. Paul, ambaye rangi zake kali zilionekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mnamo Januari 1927 ilianza safu ya barua iliyopewa jina la Majadiliano. Barua za wasomaji hazikuwa jambo geni katika majarida ya wakati huo. Lililotofautisha safu hii ni kwamba anwani kamili za waandikaji zilichapishwa pamoja na barua zao. Msomaji wa mji mdogo, aliyedhani ni yeye peke yake anayewaza juu ya Mars, aligundua kwamba yuko mwenzake umbali wa safari ya saa moja ya treni. Aliweza kumwandikia moja kwa moja. Kitendo hiki kidogo cha kiuhariri kiliutoa mjadala mikononi mwa mhariri.

Barua hizo ziligusa mambo mengi. Wapo waliosahihisha hesabu za mtunzi kuhusu mwendo wa chombo cha anga. Wapo waliolalamika kwamba majalada yalikuwa ya kutia aibu mbele ya wazazi na walimu. Wapo waliochoshwa na kazi zilizochapwa upya na kudai hadithi mpya. Lakini mzozo uliokuwa na uzito zaidi kinadharia ulihusu mipaka ya utanzu. Mwaka 1927 jarida lilichapa kwa sehemu riwaya ya A. Merritt, The Moon Pool, ambayo imejaa nguvu za ajabu na mahali pa siri kuliko hesabu na mitambo. Je, kazi kama hiyo ilistahili kuwamo katika jarida la sayansi, au ilikuwa fantasia tupu? Suala hilo, ambalo wananadharia wa tanzu hulijadili hadi leo, lilikwisha kuwa mezani pa wasomaji wa kawaida kabla halijaingia katika vyuo.

Msomaji alipanda pia ngazi na kuwa mtunzi. Toleo la Desemba 1926 lilitangaza shindano la kutunga hadithi kutokana na mchoro wa jalada. Mshindi wa tatu alikuwa Clare Winger Harris, na hadithi yake ilichapishwa Juni 1927. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuandika katika majarida ya utanzu huu kwa jina lake halisi. Mnamo Agosti 1931 alichapisha katika Wonder Stories, jarida jingine la Gernsback, barua iliyoorodhesha dhamira 16 kuu za bunilizi za kisayansi. Ni miongoni mwa majaribio ya awali kabisa ya kuuainisha utanzu huo, na lilitokea katika ukurasa wa barua.

6.0 Kufilisika na Kuundwa kwa Jumuiya

Februari 1929 kampuni ya Gernsback, iliyokuwa pia na kituo cha redio cha WRNY mjini New York, ilitangazwa na mahakama kuwa imefilisika kutokana na madai ya wadai. Amazing Stories likaenda kwa wamiliki wengine. Katika muda wa miezi michache Gernsback alirejea na majarida mapya, na mawili kati yake yaliunganishwa mwaka 1930 kuwa Wonder Stories.

Wakati huo wasomaji walikuwa wamekwisha kuanza kuchapa vijarida vyao wenyewe. The Comet kilitoka mwaka 1930, matunda ya watu waliofahamiana kwa barua. Mwaka 1933 Gernsback alipokea kijarida cha kijana wa miaka 17, Charles Hornig, na badala ya kumpongeza tu, alimwajiri kuwa mhariri wa Wonder Stories. Mwaka 1934 alianzisha Science Fiction League, jumuiya yenye matawi sehemu mbalimbali. Bila shaka kulikuwa na nia ya kibiashara, kwani mwanachama ni mnunuzi wa uhakika. Hata hivyo matawi yalijitwalia uhai wao. Tawi la Los Angeles lilizaa chama kilichodumu kwa miongo mingi, na tawi la Leeds, Uingereza, liliandaa mkutano wa wapenzi wa utanzu huo mnamo Januari 1937.

7.0 Mgogoro wa Malipo

Haitakuwa haki kuyasimulia maisha haya bila kutaja upande wake wa giza. Gernsback aliwalipa watunzi kidogo, akachelewa, na wakati mwingine hakulipa kabisa mpaka aliposhtakiwa. H. P. Lovecraft alimbandika jina la panya, na jina hilo likamwandama.

Miongoni mwa waliodhulumiwa alikuwamo Donald A. Wollheim, kijana aliyechapisha hadithi katika toleo la Januari 1934. Alipokosa malipo, aliwatafuta watunzi wengine waliokuwa na dai kama lake, wakaungana na kumpeleka Gernsback kwa mwanasheria hadi wakalipwa. Mwaka 1935 Wollheim na wenzake wawili walifukuzwa katika jumuiya. Ni dhahiri kwamba hapa palikuwa na kinaya: mtandao wa anwani na barua uliokuzwa na Gernsback ndio uliowasaidia vijana hao kuungana dhidi yake. Kufukuzwa hakukuwanyamazisha, kwani walikuwa na vijarida vyao. Wollheim baadaye alikuwa mmoja wa wahariri na wachapishaji wakubwa wa utanzu huo.

Mwaka 1936 Gernsback, akilemewa na gharama za usambazaji, aliwaomba wasomaji wanunue jarida moja kwa moja kwa njia ya posta. Waliojitokeza hawakutosha, na Wonder Stories likauzwa. Wasomaji walikuwa tayari kulijadili jarida. Kuliokoa mmiliki wake akiwa yeye kulikuwa jambo jingine.

8.0 Tuzo

Gernsback aliendelea na majarida ya redio na elektroniki, na mwaka 1953 alijaribu tena kwa muda mfupi katika bunilizi, kwa jarida la Science-Fiction Plus. Chuki za zamani zilikuwa zimepoa. Mwaka 1952 alikuwa mgeni wa heshima katika kongamano la dunia la wapenzi wa utanzu huo mjini Chicago. Mwaka uliofuata, katika kongamano la Philadelphia, zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo zilizokuja kujulikana kwa jina lake la kwanza, Hugo.

Tuzo hizo haziamuliwi na jopo la wataalamu. Wanaopiga kura ni wanachama wa kongamano, yaani wasomaji wenyewe. Hata ule mzozo wa 1927 kuhusu mipaka ulipata jibu lake humo: mwaka 2001 tuzo ya riwaya bora ilikwenda kwa Harry Potter and the Goblet of Fire ya J. K. Rowling, kazi ya fantasia isiyo na shaka.

Gernsback alifariki New York tarehe 19 Agosti 1967. Kwa wosia wake, mwili wake ulikabidhiwa kwa ajili ya masomo ya tiba.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Gernsback alikuwa mtunzi dhaifu, mwajiri mgumu na mhariri mwenye nadharia finyu ya fasihi. Alitaka wasomaji wajifunze sayansi. Wao walitaka kubishana kuhusu hadithi. Aliwaachia wabishane, na akazichapa anwani zao. Matokeo yake ni utanzu ambao vigezo vyake vya ubora, mipaka yake na hata jina lake vilipitia mikononi mwa wasomaji. Kwa mtafiti wa fasihi, fundisho ni kwamba barua za wasomaji zilizozikwa katika majarida ya kale zinastahili kusomwa kama matini za uhakiki. Nyingi kati ya hizo hazijaguswa, na karatasi zilizochapiwa zinaendelea kuoza.