Swahaba Aliyeulizia Njia ya Sokoni



Ndugu zangu vijana, wengi wetu tukimaliza masomo jambo la kwanza ni kutafuta mtu. Mjomba yuko bandarini, jirani yuko serikalini, labda atatushika mkono. Kusaidiwa si vibaya. Lakini hebu tumwangalie Abdurrahman bin Auf (r.a.), mmoja wa maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo, tuone yeye alianzaje.

Alikuwa Mkureshi wa Makka, wa ukoo wa Banu Zuhra, na biashara aliijua. Alisilimu mapema sana kupitia kwa Abubakar (r.a.). Ilipofika Hijra, mwaka 622, aliiacha mali yake nyuma akaingia Madina mikono mitupu.

Mtume (s.a.w.) akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii, tajiri katika Maansari. Saad hakuwa mtu wa maneno tu. Alitaka kumgawia nusu ya mali yake, na hata kumpa talaka mmoja wa wake zake wawili ili, eda ikiisha, Abdurrahman amuoe. Abdurrahman akamuombea baraka katika mali na watu wake, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi.

Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqaa. Hakuanza na dhahabu wala hariri, bali jibini kavu na samli. Siku hiyo hiyo akarudi na faida kidogo. Kesho yake akaenda tena. Haukupita muda akaonekana na alama ya manukato ya harusi: ameoa mwanamke wa Kiansari, na mahari ametoa dhahabu uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamwambia afanye walima, japo kwa kondoo mmoja.

Hapa tutazame vizuri. Yeye hakukataa kwa kiburi. Udugu aliupokea, na njia alimuuliza mwenyeji. Alichokikataa ni kukaa akingoja kulishwa. Wala hakuona haya kuuza samli katika mji ambao ni mgeni.

Baadaye mali ikamjia kwa wingi, mpaka akawa katika matajiri wakubwa wa Madina, naye akawa mtoaji mkubwa. Je, utajiri ulimlevya? Siku moja akiwa amefunga aliletewa chakula. Akamkumbuka Mus'ab bin Umayr, aliyeuawa Uhud mwaka 625, ambaye yeye alimuona ni bora kuliko nafsi yake. Sanda ya Mus'ab ilikuwa shuka moja. Wakifunika kichwa miguu yabaki wazi, wakifunika miguu kichwa chabaki wazi. Abdurrahman akaogopa isije ikawa malipo ya mema yake ameshapewa hapa hapa duniani. Akalia mpaka chakula akakiacha.

Alifariki mwaka 32 Hijria, akazikwa Baqii, Madina.

Basi kijana mwenzangu, kama mtaji wako watosha sambusa na viazi karai tu jioni hizi za Ramadhani, usione haya, toka ukauze. Na ukifanikiwa, futari ikiwekwa mbele yako, mkumbuke asiye nayo. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na nyoyo zisizolewa nayo. Amin.