Willem Einthoven (1860–1927)

Mfahamu mwanasayansi huyu Mholanzi, mzaliwa wa Semarang, Java. Alibuni galvanomita ya uzi: mkondo wa umeme wa moyo ulipopita kwenye uzi mwembamba uliowekwa kati ya sumaku-umeme, uzi uliyumba. Kifaa kilikuwa kizito mno kupelekwa wodini, na wagonjwa mahututi hawakuweza kuhamishwa. Kwa hiyo, mwaka 1905 aliunganisha hospitali ya Leiden na maabara yake kwa waya wa simu, umbali wa kilomita 1.5. Mgonjwa alibaki kitandani. Mchoro wa moyo wake ulitoka maabarani. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Ukiulizwa umuhimu wake, toa mfano: mgonjwa apimwe Kaole, mchoro usomwe na daktari aliyeko Dar es Salaam.